Mali Bila Daftari: Furu wa Ziwa Viktoria na Tasnifu Zilizowahesabu

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vyetu, masomo ya uzamili na uzamivu ya ikolojia na uainishaji wa viumbe huhesabiwa kuwa mali ya kitivo cha sayansi, na sisi walimu wa lugha hatuna desturi ya kuyachungulia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya masomo hayo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Ikolojia huuliza viumbe wanaishije pamoja: nani anakula nini, wapi, na kitu gani kinabadilika mmoja wao akiondoka. Uainishaji huuliza huyu ni nani, ndugu zake ni akina nani, na aitwe jina gani. Swali hili la pili ni la lugha kama lilivyo la sayansi, na la kwanza haliwezi kujibiwa kabla ya la pili. Huwezi kuandika kwamba samaki fulani amepungua ikiwa hujui kumtofautisha na jirani yake.

Mfano nitakaoutumia ni wa furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Nimeuchagua kwa sababu ziwa hili ni letu sote: Uganda, Kenya na Tanzania. Aidha, katika miaka ile ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakiwapa furu majina, furu wenyewe walikuwa wakiisha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika habari hii daftari lilikuwapo, ila lilifunguliwa likiwa limechelewa, na liliandikwa kwa lugha ambazo wenye mali hawakuzisoma.

Furu ni samaki gani?

Msomaji wa Pwani akisikia neno furu huenda akafikiria tunda jeusi la mti wa mfuru. Kandokando ya ziwa, upande wa Tanzania, furu ni samaki. Waluo humwita fulu, na huku kwetu Waganda humwita nkejje. Upatanisho wa kisarufi hutusaidia: tukisema "furu hawa wamekauka", hakuna atakayedhani tunasema juu ya matunda.

Furu wengi hawazidi urefu wa kiganja. Wanasayansi huwaweka katika kundi la Haplochromis na jenasi zilizo karibu nalo. Jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Jambo lililowashangaza wataalamu wa dunia nzima ni wingi wa aina zao. Inakadiriwa kwamba Ziwa Viktoria peke yake lilikuwa na spishi zipatazo 500 za furu, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine popote. Wako waliokwangua mwani juu ya mawe, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula wadudu, waliokula samaki wenzao, na hata waliojipatia riziki kwa kunyang'anya mayai na vifaranga vilivyomo mdomoni mwa majike wengine. Isitoshe, uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa umeonyesha kwamba ziwa hili lilikauka na kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Kwa hesabu ya viumbe, hiyo ni jana tu. Ndiyo maana furu wakawa shule ya kujifunzia namna spishi moja inavyozaa nyingi.

Kwa mvuvi, hata hivyo, wote hao walikuwa furu. Aliwatenga kwa mahali na kwa sura, lakini sokoni waliuzwa pamoja kwa fungu.

Jinja na orodha ya kwanza

Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili uliongozwa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928. Ni yeye aliyempa ngege jina la kisayansi ambalo sasa ni Oreochromis esculentus, neno la pili likiwa na maana ya "anayelika". Katika ripoti yake ya mwaka 1929, Graham alitahadharisha juu ya kuingiza ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine.

Mwaka 1947 serikali za kikoloni zilianzisha shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Jinja. Hapo ndipo alipofanya kazi Humphry Greenwood, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 Greenwood alikusanya furu, akawapima vichwa, akahesabu magamba na meno yao, akawaandika mmojammoja. Baadaye alihamia jumba la makumbusho la London, na kazi yake ya kuwapanga upya furu wa Ziwa Viktoria ilitoka kwa sehemu nane kati ya mwaka 1956 na 1978. Karibu kila mwanafunzi wa uzamivu aliyefuata alianzia kwenye kurasa hizo.

Wakati huohuo mjadala wa sangara ulikuwa ukiendelea. Sangara, anayeitwa mbuta Kenya na mputa Uganda, anaweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Maofisa wa uvuvi waliona kwamba furu ni "samaki takataka", wenye miiba mingi na bei ndogo, na kwamba ingefaa apatikane samaki mkubwa wa kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa Jinja, alichapisha makala ya kupinga mpango huo. Alikuwa amechelewa. Sangara alikuwa ameshatiwa katika Ziwa Kyoga mwaka 1955, na mwaka huohuo wa 1960 akavuliwa Ziwa Viktoria karibu na Jinja. Mwaka 1962 na 1963 sangara wengine walitiwa ziwani kwa idhini rasmi.

Tuangalie msamiati uliotumika. Kiumbe aliyekwisha kuitwa "takataka" hana mtetezi. Spishi mia kadhaa zilifungwa katika neno moja la dharau kabla hata hazijahesabiwa.

Mwaka 1977

Kwa miaka kama ishirini sangara hakuonekana kufanya mengi. Utafiti uliofanywa kwa nyavu za kukokota mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao matokeo yake yaliandikwa na Albert Kudhongania wa Jinja pamoja na mwenzake Cordone, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ulikuwa wa furu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la utafiti la Jinja likavunjika pamoja nayo. Kila nchi ikabaki na kipande chake: Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979, Tanzania ikaunda ya kwake, TAFIRI, mwaka 1980, na Uganda, iliyokuwa ndani ya utawala wa Idi Amin na kisha vita, ikabaki na majengo ya Jinja na watafiti wachache waliovumilia. Ziwa lilikuwa moja, lakini daftari lake lilichanwa mara tatu, na hili lilitokea katika miaka ileile ambayo sangara alianza kuongezeka kwa kasi.

Mwaka huohuo wa 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika Mwanza. Walijiita HEST, kikundi cha uchunguzi wa ikolojia ya Haplochromis, na Frans Witte alikuwa nguzo yao mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwanza kulikuwa na kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, na ilikuwa lazima ijulikane furu wangapi wanaweza kuvuliwa bila kuharibu. Swali lilikuwa la ikolojia. Lakini walipomwaga wavu juu ya sitaha, walikuta samaki ambao hawamo katika orodha ya Greenwood. Kabla ya kuhesabu ilibidi waainishe.

Wanafunzi wa Leiden waliofika kukusanya data za tasnifu zao walijifunza kutambua furu kwa mkunjo wa paji, rangi ya pezi na umbo la meno. Kwa kuwa kutoa jina rasmi huchukua miaka, waliwapa majina ya muda, wakayaandika ndani ya alama za kunukuu, wakaendelea na kazi. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliyeandika tasnifu yake mwishoni mwa miaka ya 1980, alitoa mwaka 1994 kitabu cha Kiholanzi kwa wasomaji wa kawaida kuhusu maisha hayo ya Mwanza, na kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1996.

Katikati ya miaka ya 1980 wimbi la sangara lilifika Ghuba ya Mwanza. Wavu uliokuwa ukipanda umejaa furu ulianza kupanda na sangara. Katika maji ya ghuba yaliyokuwa yakichunguzwa mwaka hadi mwaka, aina baada ya aina ilikoma kuonekana. Watafiti waliokuja kupima uvuvi wakawa mashahidi wa msiba. Mwaka 1992 Witte na wenzake walichapisha hesabu yao: spishi zipatazo 200 huenda zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Sangara hakuwa sababu pekee. Uvuvi wa kukokota, mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, vilichangia. Aidha, si haki kusahau kwamba sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni ambazo familia nyingi za pande zote tatu za ziwa zilizitegemea.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uchelewaji wa daftari. Furu mmoja mwenye rangi ya fedha, aliyekuwa akivuliwa Mwanza katika miaka ya HEST na kuitwa kwa jina la muda "argens", alipata jina hilo kirasmi mwaka 2013. Katika makala hiyohiyo furu mwingine aliitwa Haplochromis goldschmidti, kwa heshima ya aliyewahi kuwa mwanafunzi.

Wenyeji waandika tasnifu

Ingekuwa makosa kuisimulia historia hii kana kwamba Waafrika walikuwa wapiga makasia tu. Richard Ogutu-Ohwayo, mtafiti wa Jinja, alichunguza kile sangara alichofanya katika Ziwa Kyoga na akakiandikia tasnifu ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980. Tutafakari kidogo: wakati Jumuiya imekufa, Mganda anasomea Tanzania juu ya ziwa la Uganda ili kuonya juu ya ziwa la nchi tatu. Kyoga ilitangulia kupata sangara, kwa hiyo ilikuwa kioo cha kuonyesha yatakayofika Viktoria. Mwaka 1990 alichapisha makala iliyolinganisha maziwa hayo mawili, na baadaye akachukua uzamivu Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada.

Upande wa Mwanza, Hillary Mrosso wa TAFIRI alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya mwaka 2008 iliyoeleza namna mwanga na rangi ya maji zinavyoweza kuigawa spishi moja ikawa mbili. Mary Kishe-Machumu alitetea tasnifu yake ya uzamivu Leiden mwaka 2012, akieleza kwa nini baadhi ya furu walianza kurudi tangu miaka ya 1990 na wengine hawakurudi. Waliorudi si wale wa jana kabisa. Baadhi wamebadili chakula na hata umbo la mwili na mashavu yao ya kupumulia, katika muda usiozidi maisha ya mwalimu kazini. Hali kadhalika, furu wawili waliopewa majina mwaka 2010, Haplochromis bwathondii na Haplochromis katunzii, wanakumbusha majina ya wataalamu wa TAFIRI, Philip Bwathondi na Egid Katunzi.

Kiswahili ndani ya Kilatini

Hapa ndipo walimu wa lugha tunapopaswa kukaa sawasawa. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka, Els Witte-Maas na Frans Witte walitangaza furu mpya wa Ghuba ya Mwanza na kumwita Haplochromis nyererei. Ile -i ya mwisho ni kimilikishi cha Kilatini. Kazi yake ni ile ya kiunganishi chetu -a: "wa Nyerere". Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye pau nyeusi.

Mwaka 1998 Ole Seehausen, aliyekuwa akichukua uzamivu Leiden, alichapisha pamoja na wenzake uainishaji wa furu wa miambani. Walitangaza jenasi tatu mpya, na mbili kati yake zilitokana na maneno ya huku. Ya kwanza ni Mbipia, kutoka mbipi, jina la wavuvi wa Mwanza kwa furu weusi wa mawe. Ya pili ni Pundamilia, kwa sababu ya pau za wima ubavuni. Samaki wa Mwalimu akahamishiwa humo, na sasa anaitwa Pundamilia nyererei. Majina ya waliomtaja kwanza huwekwa ndani ya mabano, ishara kwamba kiumbe amehama jenasi. Ndugu yake wa rangi ya buluu aliitwa Pundamilia pundamilia.

Nikilieleza hili darasani wanafunzi hucheka, kisha huanza kuuliza maswali mazuri. Neno letu limeingia Kilatini likapewa jinsia ya kike, kitu ambacho Kiswahili hakina: ndiyo maana spishi nyingine ya jenasi hiyo inaitwa azurea, si azureus. Limetoka katika ngeli ya A-WA likawa nomino ya Kilatini inayotawala vivumishi vyake. Sisi tumezoea kufundisha maneno ya mkopo yanayoingia Kiswahili. Huu ni mkopo unaotoka.

Pundamilia hao wawili wana somo jingine. Jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka na mwanga ukapungua, rangi hazionekani vizuri, spishi zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika, na mipaka iliyotenganisha majina yao hufutika. Hivyo furu anaweza kupotea bila kuliwa na yeyote. Hupotea kwa kukosa kutambulika.

Deni letu

Sampuli za furu walizokusanya HEST zimehifadhiwa Leiden, na za Greenwood ziko London. Tasnifu nyingi ziko kwa Kiingereza. Ni desturi ya vyuo vya Uholanzi kuweka mwishoni mwa tasnifu muhtasari wa Kiholanzi, ili hata jamaa wa mwandishi aelewe alichokifanya mtoto wao. Desturi hiyo ni njema. Je, mvuvi wa Mwanza, wa Kisumu au wa Masaka, ambaye jina lake la mbipi limekuwa jenasi, anasoma wapi kilichoandikwa juu ya ziwa lake?

Haitoshi kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1990, na maneno kama spishi, jenasi na ikolojia yamekwisha kuzoeleka. Kinachokosekana ni maneno ya kati, yanayounganisha istilahi ya kitabuni na mdomo wa mvuvi. Domodomo, gogogo, ningu, nembe, kamongo na mbiru ni majina ya samaki yaliyo hai kandokando ya ziwa. Kila moja lina eneo lake, matamshi yake na spishi yake. Jina sangara lenyewe lina safari: katika Ziwa Tanganyika, sangala ni samaki wa jenasi hiyohiyo ya Lates. Anayetaka kuandika historia ya uhamiaji wa maneno katika Maziwa Makuu ana mada hapo, naye hahitaji boti ya utafiti.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada za leksikografia waende mialoni wakakusanye majina ya samaki kwa lugha za mahali na kwa Kiswahili, wakishirikiana na wenzao wa zoolojia ili kila jina lipate spishi yake. Wazee waliowajua furu kabla ya sangara wanazidi kupungua. Mvuvi aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1980 sasa ni mzee, na akiondoka anaondoka na majina ya samaki ambao hata wavu hauwapati tena. Pili, idara zetu zijitolee kutafsiri au kuhariri muhtasari wa Kiswahili kwa kila tasnifu ya sayansi inayohusu ziwa. Kurasa mbili zinatosha kwa mwanzo. Tatu, habari ya furu ifundishwe katika kozi za istilahi, ili mwanafunzi aone kwamba kuunda jina si mchezo wa kamati tu.

Hitimisho

Historia ya masomo ya ikolojia na uainishaji katika Ziwa Viktoria si hadithi ya wageni waliokuja kutuhurumia, wala si hadithi ya uzembe wa wenyeji. Ni hadithi ya watu walioanza kuhesabu wakati mali inaisha, na waliodumu kuhesabu hata ilipouma. Kwa juhudi zao tunajua leo kwamba nkejje aliyekaushwa na bibi zetu juani hakuwa samaki mmoja bali mamia. Kwamba tunalijua hili kwa Kiingereza na Kiholanzi zaidi kuliko kwa Kiswahili si kosa lao. Sehemu hiyo ya daftari iliachwa wazi kwa ajili yetu, na wa kuijaza ni sisi na wanafunzi tunaowasimamia.